Wanasayansi na Kazi Zao: Profesa Luigi Broglio na Roketi za Ghuba ya Ungwana

Kuanzia mwezi wa Desemba mwaka 1970 hadi Machi 1973, chombo kimoja chenye jina la Kiswahili kilikuwa kikifanya kazi angani juu ya Afrika ya Mashariki. Katika kijiji cha Rungwa, Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, kando ya barabara itokayo Itigi kwenda Mbeya, chombo hicho kilipita upande wa kaskazini takriban mara 14 kila siku, kikitoka magharibi kwenda mashariki. Warina asali waliokuwa katika misitu ya miombo hawakuwa na habari nacho, wala wanafunzi waliokuwa darasani. Jina lake lilikuwa Uhuru. Kilirushwa kutoka baharini, kaskazini ya Malindi, na wahandisi wa Kitaliano walioongozwa na mwalimu wa chuo kikuu, Profesa Luigi Broglio.

Makala haya yana makusudi matatu. Kwanza, kueleza kwa ufupi maisha ya Profesa huyo. Pili, kuonyesha sababu za kifizikia zilizomfanya aje kutafuta mahali pa kurushia roketi katika pwani yetu. Tatu, kuchunguza karatasi ambazo kazi ya namna hii huacha nyuma yake, na jinsi zinavyopaswa kusomwa. Msomaji ataona kwamba mahali pazuri ni mali itolewayo bure na jiografia, lakini elimu itokayo mahali hapo hubaki kwa yule anayepima, anayeandika na anayehifadhi alichoandika.

Mwanafunzi anaombwa awe na kalamu, karatasi na majedwali ya saini na kosaini.

1. Maisha yake kwa ufupi

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji ulio kando ya Venice, kaskazini ya Italia. Alisomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Roma, akahitimu mwaka 1934. Baadaye aliingia katika idara ya uhandisi ya Jeshi la Anga la Italia na kufanya kazi katika kituo cha utafiti cha Guidonia, karibu na Roma. Huko alishughulikia hasa uimara wa miundo ya ndege: jinsi ubawa unavyopinda, unavyotetemeka, na kiasi cha mzigo unachoweza kuchukua kabla ya kuvunjika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alirudi chuoni kufundisha. Mwaka 1952 alishika uongozi wa Shule ya Uhandisi wa Ndege ya Chuo Kikuu cha Roma, akimfuata Gaetano Arturo Crocco, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya urukaji nchini Italia. Broglio hakuridhika na ubao na chaki peke yake. Alitaka wanafunzi wake wawe na vyombo vya kupimia, na mwaka 1961 kikundi chake kilianza kurusha roketi ndogo kutoka kisiwa cha Sardinia. Roketi hizo zilimwaga mvuke wa sodiamu mahali pa juu sana wakati wa magharibi. Jua, ambalo kwa watu wa chini lilikuwa limekwisha kutua, liliangaza mvuke ule ukang'aa. Wapimaji waliupiga picha kutoka vituo mbalimbali, na kutokana na jinsi wingu lilivyosogea wakapata mwendo wa upepo wa huko juu. Kifaa kikubwa cha wapimaji kilikuwa kamera na saa tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kurusha setilaiti. Italia haikuwa na roketi yenye nguvu ya kutosha, wala haikuwa na mahali pafaapo kuirushia. Mwezi wa Mei 1962 yalifikiwa mapatano kati ya wataalamu wa anga wa Italia na shirika la anga la Marekani, NASA. Marekani ingetoa roketi aina ya Scout na mafunzo. Italia ingetengeneza setilaiti, ingetayarisha mahali pa kurushia katika sehemu za ikweta, na watu wake wenyewe wangezirusha. Mradi ulipewa jina la San Marco, yaani Mtakatifu Marko, msimamizi wa mji wa Venice.

Kazi iligawanywa katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza vyombo vya kupimia vilijaribiwa kwa roketi ndogo, na mwezi wa Machi 1964 roketi za kwanza za namna hiyo zilirushwa kutoka pwani ya Kenya. Katika hatua ya pili setilaiti San Marco 1 ilirushwa na Wataliano kutoka kituo cha Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Katika hatua ya tatu San Marco 2 ilirushwa kutoka Ghuba ya Ungwana tarehe 26 Aprili 1967. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini.

Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka ghuba hiyo kwa roketi za Scout. Nne zilikuwa za Italia, nne za Marekani, na moja, Ariel 5 ya mwaka 1974, ilikuwa ya Uingereza. Ya mwisho ilirushwa tarehe 25 Machi 1988. Profesa Broglio alifariki mjini Roma tarehe 14 Januari 2001. Kituo cha Malindi, ambacho hadi leo hutumika kuwasiliana na setilaiti, kinaitwa kwa jina lake.

2. Kwa nini ikweta?

Mzingo wa dunia katika ikweta ni kilomita 40,075. Dunia hujizungusha mara moja kwa sekunde 86,164, yaani saa 23 na dakika 56 hivi. Tukigawanya, tunapata kwamba mtu aliyesimama kwenye ikweta anasafirishwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa mita 465 kila sekunde, ingawa hahisi chochote.

Kadiri tunavyoiacha ikweta, duara tunalozunguka linapungua, na mwendo huo nao unapungua. Kanuni yake ni rahisi: mwendo wa mahali ni 465 mara kosaini ya latitudo ya mahali hapo. Tuikadirie kwa mahali panne:

Ghuba ya Ungwana (digrii 3 kusini): mita 464 kwa sekunde
Rungwa (digrii 7 kusini): mita 462 kwa sekunde
Wallops (digrii 38 kaskazini): mita 366 kwa sekunde
Roma (digrii 42 kaskazini): mita 346 kwa sekunde

Setilaiti inayozunguka karibu na dunia huhitaji mwendo wa mita 7,800 hivi kwa sekunde. Roketi irushwayo kuelekea mashariki kutoka Ghuba ya Ungwana huanza safari ikiwa imekwisha kupewa karibu sehemu 6 kwa mia za mwendo huo na dunia yenyewe. Kwa roketi ndogo kama Scout, iliyobeba mzigo wa kilo mia moja na kitu, zawadi hiyo si ya kudharauliwa.

Hata hivyo, sababu iliyo kubwa zaidi ni nyingine, na mara nyingi husahauliwa katika vitabu. Setilaiti huzunguka katika duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Duara hilo halina budi kupita juu ya mahali iliporushiwa. Kwa hiyo setilaiti iliyorushwa kutoka latitudo ya digrii 38 haiwezi kuwa na njia iliyoinama chini ya digrii 38 kutoka ikweta, isipokuwa igeuzwe njia ikiwa angani. Je, kugeuza huko kunagharimu nini?

Chora mishale miwili yenye urefu sawa, kila mmoja ukiwakilisha mwendo wa kilomita 7.8 kwa sekunde, na pembe ya digrii 35 kati yake. Mshale wa kwanza ni njia ya kutoka Wallops; wa pili ni njia iliyo karibu na ikweta, yenye mwinamo wa digrii 3. Mstari unaounganisha ncha za mishale hiyo ndio mwendo unaotakiwa kuongezwa ili kuigeuza setilaiti. Urefu wake ni 2 × 7.8 × saini ya digrii 17.5, yaani takriban kilomita 4.7 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mwendo wote uliopatikana kwa taabu tangu ardhini! Scout haikuwa na akiba ya namna hiyo. Ni dhahiri basi kwamba aliyetaka kupima anga ya ikweta kwa roketi ndogo alipaswa kuja ikweta.

3. Kwa nini baharini?

Scout ilikuwa roketi ya vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vyote vikitumia baruti ngumu. Kila kipande kilipokwisha kuungua kiliachwa kianguke. Kwa usalama wa watu, vipande hivyo havikupaswa kuanguka penye makazi. Katika pwani ya Kenya mashariki yote ni Bahari ya Hindi, na mashariki ndiko hasa roketi inakotaka kwenda.

Broglio alichagua kutoweka mtambo wa kurushia juu ya ardhi. Karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, yaliwekwa majukwaa ya chuma yenye miguu iliyosimamishwa katika kina kidogo cha bahari. Jukwaa kubwa, San Marco, lilibeba mtambo wa kurushia. Jukwaa la pili, Santa Rita, ambalo hapo kwanza lilitengenezwa kwa kazi ya kutafuta mafuta, lilikuwa chumba cha uongozi, na nyaya zilizopita baharini ziliunganisha majukwaa hayo. Majukwaa ya namna hii hukokotwa na meli hadi mahali panapotakiwa. Hivyo Broglio hakuhitaji ujenzi mkubwa ufukoni wala kuhamisha vijiji. Alichukua vyombo vilivyokwisha kutengenezwa kwa kazi nyingine, akavifanyia marekebisho. Nchi zenye mali kidogo zina jambo la kujifunza hapo.

4. Mizani ya Broglio

Sasa tutazame kile alichotaka kupima. Hewa haikomi ghafula mahali fulani juu ya vichwa vyetu. Hupungua kidogo kidogo. Kwenye kimo cha kilomita 250 hewa ni hafifu kuliko ombwe la pampu za maabara ya shule, lakini ipo. Setilaiti inayopita humo kwa kasi kubwa huzuiwa kidogo kila sekunde, hushuka, na mwisho huungua. San Marco 2 iliyorushwa Aprili 1967 iliungua Oktoba mwaka huohuo. Asiyejua densiti ya hewa hiyo, yaani kiasi cha hewa kilichomo katika mita moja ya ujazo, hawezi kubashiri setilaiti itaishi muda gani wala itaanguka lini.

Ni kani kiasi gani tunayoizungumzia? Kanuni ya ukinzani wa hewa ni

F = ½ × d × v² × C × A

ambapo d ni densiti ya hewa, v ni mwendo, C ni namba itokanayo na umbo la chombo, na A ni eneo linalokabili upepo. Setilaiti za kwanza za San Marco zilikuwa tufe lenye kipenyo cha sentimita 66, kwa hiyo A ni takriban mita za eneo 0.34. Tuseme v ni mita 7,750 kwa sekunde na C ni 2.2. Densiti kwenye kimo cha kilomita 250 hubadilika sana, lakini tuchukue gramu 6 katika kilomita 0.1 ya ujazo, ambayo ni sawa na kilo 0.00000000006 katika mita ya ujazo. Jibu ni kani ya takriban nyutoni 0.0014. Kani hiyo ni sawa na uzito wa gramu 0.14, yaani punje nne au tano za mtama. Je, utapimaje uzito wa punje tano za mtama zinazosukuma tufe la kilo zaidi ya mia moja?

Njia ya kawaida ilikuwa kungoja. Wataalamu waliiangalia setilaiti kwa siku nyingi, wakaona imeshuka kiasi gani, wakakisia densiti ya wastani. Lakini wastani wa siku nyingi hauonyeshi tofauti ya mchana na usiku, wala ya mahali na mahali.

Broglio alitumia wazo jingine. Alitengeneza setilaiti ya sehemu mbili: gamba jepesi la nje, na ndani yake kiini kizito, vikiunganishwa na mikono inayonepa kama springi. Mvutano wa dunia huvuta gamba na kiini kwa namna moja, kwa hiyo hausogezi kimoja kutoka kwa kingine. Hewa, lakini, hugusa gamba peke yake. Mfano wake ni abiria ndani ya basi. Dereva akanyagapo breki, basi hupunguza mwendo, lakini abiria huendelea mbele na kuegemea kiti kilicho mbele yake. Hewa ndiyo breki, gamba ndilo basi, na kiini ndiye abiria. Mikono ile hunepa kidogo sana, unepaji hupimwa kwa umeme, na redio huleta habari duniani papo hapo.

Chombo hiki kimejulikana kwa jina la Mizani ya Broglio. Uzuri wake ni kwamba mtungaji hakuongeza nguvu ya kipimo, bali aliondoa kila kitu kisichotakiwa kupimwa. Mvutano wa dunia, ulio mkubwa mara nyingi kuliko kani ya hewa, umetolewa katika hesabu kwa mpangilio wa chombo chenyewe. Mwalimu wa fizikia hana budi kulikazia jambo hili darasani, kwa kuwa ndilo msingi wa vipimo vyote vizuri.

5. Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, kikundi cha Broglio kilirusha setilaiti ya Marekani ya uzito wa kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha anga cha Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama eksirei zitokazo kwenye nyota. Eksirei haziwezi kupenya angahewa yetu, kwa hiyo atakaye kuziona lazima apande juu ya hewa. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakitumia roketi zilizokaa juu dakika chache tu. Uhuru ilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi, ikifagia mbingu ukanda baada ya ukanda. Ikweta ilifaa kwa sababu nyingine pia: njia iliyo karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi ya chembe zenye umeme ambayo huvuruga vipimo.

Kazi ya kisayansi iliongozwa na Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 2002 alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kutokana na Uhuru ilifahamika kwamba nyota nyingi zing'aazo kwa eksirei ni jozi: nyota ya kawaida ikinyonywa gesi na mwenzake aliye mdogo na mzito mno. Mmoja wao, Centaurus X-3, ulionekana kupiga kama moyo kila baada ya sekunde 4.8. Mwingine, Cygnus X-1, ulikuja kukubaliwa kuwa na shimo jeusi. Orodha kamili iliyotolewa mwaka 1978 ilikuwa na vyanzo 339.

Turudi sasa Rungwa. Uhuru ilizunguka dunia kwa dakika 96, kwenye kimo cha kilomita 540 hivi, bila kuiacha ikweta zaidi ya digrii 3. Kwa kuwa dunia nayo inazunguka upande uleule, mtu aliye chini alipitiwa kila baada ya dakika 103, yaani takriban mara 14 kwa siku. Hesabu ya pembe huonyesha kwamba kutoka Rungwa, ilipofika juu kabisa katika kila mpito, ilikuwa kati ya digrii 20 na 47 juu ya upeo wa kaskazini. Mahali petu palikuwa mstari wa mbele wa elimu mpya, nasi hatukuwa na daftari la kuandikia.

6. Karatasi zinazobaki

Setilaiti zote za San Marco zimekwisha kuungua. Uhuru nayo iliungua mwaka 1979. Kilichobaki ni karatasi na hesabu. Anayetaka kuijua kazi ya mhandisi yeyote hana budi kujua aina za karatasi zake, na swali la kuiuliza kila aina.

(a) Mapatano. Karatasi hizi huonyesha nani aliahidi nini. Katika mapatano ya mwaka 1962 uliza: roketi ni ya nani, setilaiti ni ya nani, na matokeo ya vipimo yatakuwa ya nani? Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote.

(b) Michoro na mahesabu ya usanifu. Hapa ndipo mawazo ya mhandisi yanapoonekana wazi. Mchoro wa Mizani ya Broglio hufundisha zaidi ya sifa alizopewa mwenyewe.

(c) Kumbukumbu za vipimo. Hizi ni orodha ndefu za namba: saa, mahali, kimo, kani. Hazipendezi kusoma, lakini ndizo zenye maisha marefu kuliko zote. Mfano mzuri ni San Marco 3, iliyorushwa tarehe 24 Aprili 1971. Mwaka 1977, setilaiti yenyewe ikiwa imekwisha kuungua, vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa vile vilivyotumiwa kutunga hesabu ya angahewa ya juu ijulikanayo kwa jina la MSIS. Hesabu hiyo imesahihishwa mara kadhaa, na matoleo yake mapya hutumika mpaka sasa kubashiri maisha ya setilaiti.

(d) Taarifa zilizochapishwa. Broglio alitoa matokeo yake mbele ya wataalamu wa mataifa mengine, wakapata nafasi ya kuyapinga. Kipimo ambacho hakikutolewa hadharani kipingwe bado si sayansi.

Namba za setilaiti za San Marco na orodha ya Uhuru zimehifadhiwa katika hazina za NASA huko Maryland, Marekani, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma bila malipo. Mwanafunzi wa Singida anaweza leo kufungua orodha ya vyanzo 339 na kuanza kuuliza maswali yake mwenyewe. Karatasi iliyotunzwa vizuri haichagui msomaji.

7. Nani alifaidika?

Haifai kuficha kwamba kugawana faida hakukuwa sawa. Pwani ilikuwa ya Afrika ya Mashariki, na jina la setilaiti mashuhuri lilikuwa la lugha yetu. Lakini vyombo vilibuniwa ng'ambo, matokeo yalichambuliwa ng'ambo, na tuzo zilitolewa ng'ambo. Mapatano kati ya Kenya na Italia yamerudiwa na kuandikwa upya zaidi ya mara moja, na suala la mafunzo na faida kwa wenyeji limekuwa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa.

Matunda yalichelewa, lakini yalikuja. Kenya iliunda shirika lake la anga mwaka 2017. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, yenye umbo la mchemraba wa sentimita 10 kila upande, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Iliandaliwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Roma, kilekile alichofundisha Broglio. Aprili 2023 ilifuata Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kupiga picha za ardhi.

Kutoka San Marco 2 hadi 1KUNS-PF ni miaka 51. Huo ni umri wa utumishi wa walimu wawili, mmoja akimpokea mwingine. Swali la kujiuliza si kwa nini wageni walikuja, bali kwa nini muda mrefu hivyo ulipita kabla ya wenyeji kushika kalamu. Sehemu ya jibu iko katika shule zetu, na ndiyo sehemu tunayoweza kuirekebisha bila kungoja mapatano ya mtu yeyote.

8. Kazi kwa shule

Huhitaji roketi ili uanze. Rungwa ina majira moja ya mvua, yanayoanza Novemba hivi na kukoma karibu na Aprili. Shule inaweza kuweka chombo cha kupimia mvua penye uwazi, mbali na miti na mapaa, na kukisoma kila siku saa 3 asubuhi. Vilevile inaweza kuandika siku ambayo miti ya miombo imeanza kuchanua na kiasi cha asali kilichovunwa na warina asali walio tayari kusaidia. Baada ya miaka 10, daftari hilo litakuwa na habari ambazo hazina nyingine yoyote duniani haina.

Lakini kila namba iandikwe pamoja na mambo matano: kizio chake, tarehe na saa, mahali, chombo kilichotumika, na jina la aliyepima. Siku ambayo hakuna aliyepima, iandikwe kwamba hakuna aliyepima. Isiandikwe sifuri, kwa maana sifuri ni kipimo. Daftari liandikwe nakala mbili, zitunzwe mahali pawili. Mwalimu akihamishwa, amkabidhi mwenzake daftari pamoja na funguo za darasa.

Profesa Broglio alikuja ikweta kwa sababu alihitaji mahali. Sisi tunapo mahali tayari. Kinachotakiwa ni daftari.

Maswali ya mazoezi

1. Tafuta latitudo ya shule yako katika ramani, kisha kokotoa mwendo ambao dunia inaipeleka shule hiyo kuelekea mashariki.

2. Roketi inarushwa kuelekea mashariki kutoka Rungwa na nyingine kutoka Roma. Ya Rungwa inapata nyongeza ya mita ngapi kwa sekunde kuliko ya Roma? Hiyo ni sehemu ngapi kwa mia ya mita 7,800?

3. Kwa nini kurushia roketi Rungwa kungekuwa na hatari ambayo Ghuba ya Ungwana haina?

4. Densiti ya hewa ikiongezeka maradufu, kani katika Mizani ya Broglio itabadilikaje? Na je, kipenyo cha tufe kikiongezwa maradufu, densiti ikibaki ileile?

5. Setilaiti huzunguka kwa dakika 96 na dunia kwa dakika 1,436, upande mmoja. Onyesha kwamba mtu aliye kwenye ikweta atapitiwa kila baada ya dakika 103 hivi.

6. Katika ukurasa wa daftari la zamani imeandikwa "Mvua 34" na hakuna zaidi. Taja mambo yanayokosekana, na ueleze ni hasara gani anayopata msomaji kwa kila moja.

Majibu ya kusaidia: (2) mita 116, karibu sehemu 1.5 kwa mia. (3) Vipande vya roketi vingeanguka kwenye ardhi yenye makazi upande wa mashariki. (4) Maradufu, mara nne. (5) Gawa 96 × 1,436 kwa 1,436 − 96.